Theluji Huziba: Mwongozo Kamili wa Kuvuka Msimu wa Baridi Kijijini Tug Hill

Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu mwezi wa saba ukitoka nje alfajiri unakuta majani yamefunikwa na sakitu, na watoto wanakwenda shule mikono wameificha kwapani. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huku Tug Hill, kaskazini mwa jimbo la New York, na watu wakaanza kunitisha kuhusu baridi, nilicheka. Baridi naijua, nimezaliwa nayo.

Kumbe walikuwa wananitisha kwa jambo dogo. Baridi unaivalia makoti, mchezo umekwisha. Theluji haivaliwi. Theluji huziba: mlango, barabara, bomba la moshi, ekzosi ya gari, bomba la zimamoto, dirisha la chumba cha chini. Karibu kila kisa kibaya nilichosimuliwa huku, ukikifuatilia hadi mwanzo wake, unakuta kuna tundu fulani lilizibwa na hakuna aliyelizibua. Mwongozo huu unafuata matundu hayo. Nimewawazia zaidi ndugu zangu wa Kiswahili waliotapakaa upande huu: Wakongo wa Buffalo na Utica, Wabantu wa Somalia wa Syracuse, Wakenya walioko jeshini Fort Drum, hasa yule anayechoka na kodi za mjini akaanza kutafuta kinyumba cha bei nafuu kijijini.

Hatua ya kwanza: ijue inakotoka

Theluji ya huku hupikwa na ziwa. Ziwa Ontario lina urefu wa kilomita 310 hivi kutoka magharibi hadi mashariki, na kina chake kinafika mita 244, kwa hiyo ni nadra sana kuganda lote. Upepo mkavu wa baridi ukilipita kwa urefu wake huchota joto na unyevu, na ukifika mwisho wa mashariki unagonga mwinuko wa Tug Hill, unaopanda hadi mita 640 hivi. Hewa inasukumwa juu, mzigo unamwagwa. Watu wa Bukoba watanielewa upesi, maana nao ziwa lao ndilo linalowamwagia mvua. Tofauti ni kwamba hii yetu haitiririki kwenda zake. Inakaa, na ya kesho inapanda juu yake.

Huja kwa mikanda myembamba. Kijiji cha pili jua linawaka, wewe huoni ncha ya kidole chako. Kwa hiyo utabiri wa mji wa karibu hauna faida kwako. Fungua tovuti ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambayo ofisi yake ya Buffalo ndiyo inayotuhudumia, na usome utabiri wa mahali ulipo wewe. Jifunze pia kutofautisha ngazi mbili za onyo lao, "watch" na "warning". Ya kwanza inasema mazingira yapo, kaa macho. Ya pili inasema imefika au inafika, na hiyo ikitoka safari zote zimekufa. Wakitaja tufani ya theluji, maana yake ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi na kutoona mbele zaidi ya mita 400, kwa saa tatu mfululizo au zaidi.

Ukubwa wake? Msimu wa 1976–77, mahali paitwapo Hooker palipimwa inchi 466.9, karibu mita 12 kwa msimu mmoja. Februari 2007, Redfield ilipata inchi 141 kwa muda wa siku kumi hivi. Hiyo ni zaidi ya mita tatu na nusu. Na Januari 1997 pale Montague zilihesabiwa inchi 77 ndani ya saa 24, lakini rekodi ikakataliwa kwa sababu mpimaji alipima mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Theluji hujishindilia kwa uzito wake, kwa hiyo ukiipima na kuifagia kila baada ya muda mfupi, jumla inavimba. Wazee wa huku bado wana kinyongo na uamuzi ule.

Hatua ya pili: kazi za Oktoba

Kama bado hujapanga au kununua nyumba, anza kwa kutazama vibao vya barabarani. Baadhi ya barabara za vijijini New York zina kibao kinachosema hazihudumiwi kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1. Nyumba iliyo kwenye barabara hiyo itakuwa rahisi ajabu, na sasa unajua kwa nini. Kwenye barabara ya kawaida, uliza nani anaisafisha: kijiji, kaunti au jimbo. Ya jimbo husafishwa mapema zaidi kwa kawaida. Ya kwako huenda ikasubiri.

Halafu simika fito. Huku huuzwa fito nyembamba za plastiki ngumu zenye kichwa cha kung'aa, lakini hata mti wa kawaida unafaa. Mfupi usikupotezee muda. Weka wa mita mbili. Weka kila kona ya njia ya gari, kando ya kalavati, kwenye tangi la gesi, kwenye mfuniko wa shimo la maji taka, na kwenye bomba la zimamoto kama lipo karibu nawe. Ikifika Januari, kijiji chote kinakuwa shuka moja nyeupe, na dereva wa plau, gari la kusukuma theluji, akija saa kumi alfajiri anaongozwa na fito zako tu. Namba ya nyumba nayo ipandishe juu, isomeke kutoka barabarani.

Mengine ya Oktoba nayataja harakaharaka. Bomba la moshi la jiko la kuni lisafishwe, maana masizi yaliyogandamana ndani hushika moto. Kuni ziwe zimekauka mwaka mzima. Kuni mbichi huku ni matusi. Valisha gari matairi ya msimu wa baridi, yote manne. Tafuta ilipo koki kuu ya maji na umwonyeshe kila mtu wa nyumbani. Patana mapema na mtu mwenye plau, mkubaliane anakuja theluji ikifika kina gani, si "nitakupigia". Na kama kipato ni kidogo, nenda ofisi ya huduma za jamii ya kaunti uulize kuhusu HEAP, mpango wa kusaidia gharama za kupasha nyumba joto. Watu wengi wanaostahili hawaendi, kwa haya au kwa kutojua.

Jambo la mwisho la Oktoba linaonekana la kipuuzi: beleshi moja lilale ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za huku zina mlango wa pili wa kuzuia baridi, nao hufunguka kwa kwenda nje. Theluji ikijaa mbele yake hausukumiki, na beleshi lako likiwa limesimama kibarazani unalitazama kupitia kioo kama mtu aliyefungiwa dukani.

Hatua ya tatu: akiba

Ushauri wa kawaida ni akiba ya siku tatu. Huku mlimani weka ya siku kumi. Unga, maharage, mchele, mafuta, dagaa kama unao, maziwa ya mtoto, dawa za presha na sukari. Kumbuka kwamba nyumba nyingi za kijijini hutumia kisima chenye pampu ya umeme: umeme ukikatika na maji yamekatika. Dhoruba ikitangazwa, jaza beseni la kuogea kwa ajili ya choo, na weka maji ya kunywa lita nne kwa kila mtu kwa siku. Yakiisha, yeyusha theluji safi na uichemshe, ila usitarajie makubwa. Ndoo ya lita kumi ya theluji laini inakupa lita moja hivi.

Hatua ya nne: matundu ya hewa

Hapa nitakaa kidogo.

Msimu wangu wa kwanza, usiku wa pili wa theluji, king'ora cha hewa ya sumu kililia saa tisa. Nilidhani ni betri. Nikakivua, nikakitikisa, kikaendelea. Mke wangu akasema kichwa kinamuuma tangu jioni. Tukamchukua mtoto, tukatoka, tukaingia garini, nikapiga namba ya dharura, 911, nikawasha injini tupate joto. Baada ya muda taa zikaja. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa wa zimamoto ya kujitolea, kijana ambaye mchana nakamua naye ng'ombe. Hakunisalimia. Alifungua mlango wa gari, akanyoosha mkono, akazima injini mwenyewe, kisha akaelekeza tochi nyuma ya gari. Ekzosi ilikuwa imezama kwenye theluji. Nilikuwa nimewatoa watu wangu kwenye sumu nikawaingiza kwenye sumu ile ile.

Ndani ya nyumba, tatizo lilikuwa bomba jeupe la plastiki lililotokeza ukutani, kimo cha goti, upande wa upepo. Ndilo linalotoa moshi wa mashine ya joto. Upepo ulikuwa umerundika theluji ukutani hadi usawa wa dirisha. Mashine nyingine hujizima bomba likizibwa, nyingine huendelea kuunguza na kurudisha kaboni monoksidi ndani. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Huanza kama maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke.

Sasa fanya hivi. Mchana wa jua, kabla ya msimu, zunguka nyumba na uhesabu kila bomba linalotoka ukutani: la mashine ya joto, la kuchemshia maji, la kukaushia nguo. Simika ufito kwenye kila moja. Theluji ikianza, yazungukie kila saa tatu au nne, usiku pia, mkipokezana, na kila bomba uliachie nafasi ya mita moja pande zote. Tumia mikono au beleshi la plastiki, lisivunje bomba. Ving'ora viwe kila ghorofa na karibu na wanapolala watu, vyenye betri.

Jenereta likae nje, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, ekzosi yake imetazama mbali na madirisha. Gereji haihesabiwi kuwa nje hata mlango ukiwa wazi. Gari nalo, kabla ya kuliwasha, kwanza unafukua nyuma. Na jiko la mkaa, mbabula kwa ndugu zetu wa Kongo, lisiingie ndani hata dakika moja. Najua nyumbani watu hulala nalo wakati wa baridi, na najua wengine hawakuamka.

Hatua ya tano: kupiga beleshi

Siri ni kutosubiri ikome. Mgeni huchungulia dirishani akasema nitatoka ikiisha. Haiishi, na ikiisha inakuwa kiunoni. Toka kila inapofika sentimita kumi au kumi na tano, sukuma, rudi ndani.

Sukuma zaidi kuliko kuinua. Ukilazimika kuinua, piga magoti, shika karibu na kichwa cha beleshi, na ugeuke mwili mzima. Kiuno kisizungushwe kikiwa na mzigo. Paka beleshi mafuta ya kupikia ili theluji isigande juu yake. Kingo unazorundika zianze mbali na njia tangu Novemba, kwa sababu Februari utakuwa huna pa kutupia. Usiisukume kuvuka barabara: sheria ya jimbo inakataza, na jirani hasahau.

Kila msimu watu hufa mioyo ikiwa imesimama, beleshi mkononi. Baridi hukaza mishipa ya damu huku kazi yenyewe ikitaka moyo uende mbio. Aliyevuka miaka arobaini na mitano na hana mazoezi, mwenye presha, aliyetoka kula mlo mzito, hao wapumzike kila dakika kumi au, afadhali, wamwachie mwingine. Maumivu ya kifua, ya taya au ya mkono wa kushoto ni simu ya 911, si kikombe cha chai.

Ukitumia mashine ya kurusha theluji, ikiziba, zima, subiri, tumia kijiti. Mkono hauingii mle hata injini ikiwa imezimika, kwa sababu mapanga hubaki yamekaza na huruka ghafla kizuizi kinapotoka.

Hatua ya sita: paa

Piga hesabu. Theluji mpya, laini, ina kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Iliyokaa na kujishindilia inafika 250 na zaidi. Paa la mita 100 za mraba lenye mita moja ya theluji iliyoshindiliwa limebeba tani 25. Mvua ikinyesha juu yake, theluji hunyonya kama sponji na mzigo unapanda. Mabanda ya ng'ombe, yenye mapaa mapana, ndiyo huanguka kwanza.

Nyumba husema kabla ya kuanguka. Milango ya ndani inaanza kugoma kufungwa, nyufa mpya zinaonekana kwenye dari, mbao zinalia kama vidole vinavyoalishwa. Ukisikia hivyo, tokeni kwanza. Kutazama kuje baadaye.

Kusafisha hufanywa kutoka chini, ukisimama ardhini, kwa reki ya paa: ubao mpana kwenye mpini mrefu wa alumini. Ngazi kwenye barafu ni kutafuta kuvunjika. Tazama nyaya za umeme kwanza, maana alumini haina mjadala na umeme. Vuta kidogokidogo, upande huu kisha ule, kwa sababu paa lililosafishwa upande mmoja tu hulemewa vibaya zaidi. Usikwangue hadi bati au vigae. Acha sentimita chache.

Kuna na ubaya wa pili. Joto linalovuja darini huyeyusha theluji ya juu, maji yanateremka hadi upenuni penye baridi, yanaganda, yanajenga ukuta wa barafu, na maji yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Vijiti vya barafu vinavyoning'inia, ambavyo sote tulivipiga picha tukatuma nyumbani, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa huo. Dawa ya kudumu ni kuziba joto darini. Dawa ya leo ni kuvuta theluji ya mita moja ya mwanzo juu ya upenu.

Hatua ya saba: gari

Tangi lisishuke chini ya nusu. Nyuma ya gari weka beleshi fupi, blanketi, tochi, maji, vitafunio, mchanga au chembe za choo cha paka kwa ajili ya kupata mshiko, na kitambaa chekundu. Kabla ya kutoka, piga 511 au fungua programu ya 511NY uone hali ya barabara.

Ukinasa, kaa ndani. Katika tufani ya Desemba 2022 iliyoua watu zaidi ya arobaini eneo la Buffalo, wako waliokutwa ndani ya magari na wako waliokutwa nje, hatua chache tu. Funga kitambaa kwenye antena. Fukua ekzosi, washa injini dakika kumi kila saa, fungua kidogo dirisha la upande usio na upepo, halafu uzime. Nenda ukaichungulie ekzosi tena kabla ya kila kuwasha. Gari peke yake ndilo linaloonekana na waokoaji. Mtu anayetembea haonekani.

Hatua ya nane: mwili

Pamba iache, hata khanga uipendayo kujitanda ndani ya koti: ikilowa jasho inakuibia joto. Ya ndani iwe ya sufi au kitambaa cha michezo, ya kati nzito, ya nje isiyopitisha upepo. Glavu za kidole kimoja kimoja zinashindwa na zile za vidole vyote pamoja.

Vipeperushi vingi husema ngozi iliyogandishwa huwa nyekundu kisha nyeupe. Ngozi yetu nyeusi haiandiki hivyo. Huwa ya kijivu, kama iliyopakwa majivu, ngumu, haina hisia. Tegemea zaidi ganzi kuliko rangi. Usiisugue, na usiisogeze kwenye jiko, maana haitasikia ikiungua. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Na mtu aliyekuwa akitetemeka, akaacha kutetemeka huku bado yuko baridini na maneno yanamlemea mdomoni, huyo hajapata nafuu. Huyo ni wa 911.

Mabomba ya maji: nje ikishuka chini ya nyuzi -7, acha bomba la mbali zaidi lidondoke maji, na fungua milango ya kabati za chini ya sinki joto lipite. Likiganda, tumia mashine ya kukaushia nywele. Moto usiutumie, nyumba zimeungua kwa sababu hiyo.

Hatua ya tisa: majirani

Kijiji chetu hakina ofisi ya maafa. Kina mzee mmoja mwenye trekta, mama mmoja mwenye orodha ya simu ukutani, zimamoto ya watu wanaojitolea, na familia za Waamishi wa Kaunti ya Lewis, Wakristo wanaoishi maisha ya kale, ambao umeme ukikatika hawajui kama umekatika, kwa kuwa hawaununui. Kwa hao nilijifunza kuthamini jiko la kuni.

Ingia kwenye orodha ya mama yule kabla ya Novemba. Utapangiwa mtu mmoja wa kumpigia kila asubuhi ya dhoruba. Mimi nilipangiwa mzee mjane wa mwisho wa barabara. Mazungumzo yetu ni yale yale. Nikimwuliza ameamkaje, anasema yu hai. Nikimwuliza bomba, anasema subiri, anakwenda kuchungulia, namsikia akiburuza viatu, anarudi: liko wazi. Siku asipopokea, simalizii chai. Kama kuna bomba la zimamoto mbele ya nyumba yako, lifukue wewe, mita moja pande zote, usisubiri mwenye kazi. Gari la zimamoto likifika, dakika za kulitafuta bomba kwa beleshi huwa ni zako.

Aprili

Theluji ikianza kuondoka, chumba cha chini ndicho hujaa maji. Jaribu pampu yake mwezi wa Machi kwa kumwagia ndoo ya maji shimoni, na uzibue kalavati kabla mto haujaamka. Tazama vigae vya paa kutoka chini. Ng'oa fito na uziweke gereji mahali utakapoziona Oktoba. Na lile beleshi ulilolitafuta tangu Januari litatokea lenyewe, kwanza mpini, wiki moja baadaye kichwa.